Sikio, Sauti na Nafasi: Somo Kutoka kwa Watu wa Yoga



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia magonjwa yanayoonekana kwa macho au kwa darubini: malaria, minyoo, kuhara, upungufu wa damu. Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo darubini hailioni. Kila wiki huja zahanati mtu anayesema, "Sista, kichwa kimejaa." Tunampima damu, tunampima presha, na mara nyingine hatuoni kitu. Lakini mtu huyo hadanganyi. Kichwa kimejaa kweli: kimejaa kelele za barabarani, redio ya jirani, simu, deni, ugomvi wa nyumbani. Anachokosa ni nafasi.

Watu wa India wamelifikiria jambo hili la nafasi tangu zamani sana. Katika mafundisho ya yoga, nafasi ni mojawapo ya vitu vitano vilivyoiunda dunia na mwili wa mwanadamu, na mlango wake ni sikio. Wengi wetu tukisikia neno yoga tunafikiria watu wanaojikunja viungo kama kamba. Hiyo ni sehemu moja tu. Leo tutaangalia sehemu isiyodai kujikunja hata kidogo, ambayo mzee wa miaka 70 anaweza kuifanya akiwa ameketi kitini. Tutaona pia mahali inapofaa na mahali isipofaa, maana kutojua mipaka yake kumewaumiza watu.

1. Akasha ni nini?

Wahindi wa kale walihesabu vitu vya asili vitano: ardhi, maji, moto, hewa, na cha tano wakakiita akasha. Wengine hulitafsiri neno hilo kuwa "anga", lakini tafsiri hiyo huweza kutupoteza, kwa sababu tunaposema anga tunatazama juu. Akasha iko juu, iko chini, na iko ndani ya chungu jikoni. Ni ule uwazi unaokipa kila kitu mahali pa kukaa. Neno letu "nafasi" linafaa zaidi. Na tazama ajabu: neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni pumzi. Sisi wenyewe tunasema "kupumzika", neno lililotoka katika "kupumua". Lugha yetu inajua kwamba pumzi, nafasi na mapumziko ni ndugu.

Kila kimoja cha vitu hivyo vitano kilipewa mlango wake wa fahamu:

Ardhi: harufu, mlango wake pua.
Maji: ladha, mlango wake ulimi.
Moto: umbo na rangi, mlango wake macho.
Hewa: mguso, mlango wake ngozi.
Akasha: sauti, mlango wake sikio.

Mpango huu una hesabu yake. Walisema ardhi ina sifa zote tano: unaweza kuinusa, kuionja, kuiona, kuigusa na kuisikia. Maji yamepungukiwa na harufu, yamebaki na sifa nne. Moto una tatu. Hewa ina mbili, yaani huioni wala huionji, bali unaihisi kwenye ngozi na kuisikia ikivuma. Akasha imebaki na sifa moja peke yake, nayo ni sauti. Kwa hiyo anayetaka kuifahamu nafasi hawezi kuishika wala kuitazama. Njia iliyobaki ni kusikiliza. Andiko lao moja la kale, Taittiriya Upanishad, linapanga kuzaliwa kwa vitu hivyo likianza na akasha: kutoka akasha ikaja hewa, kutoka hewa moto, kutoka moto maji, kutoka maji ardhi.

Katika India ya kusini yako mahekalu matano mashuhuri, kila moja kwa kitu kimoja. Hekalu la akasha liko katika mji wa Chidambaram, jimbo la Tamil Nadu. Humo kuna chumba chenye pazia. Mwenye kuhiji anapofunguliwa pazia hilo hakuti sanamu, bali mahali patupu palipotundikwa majani ya dhahabu. Watu huiita siri ya Chidambaram. Hata asiyeshiriki dini yao anaweza kuelewa wanalotaka kusema: nafasi haichongwi.

Hapa niseme jambo moja la elimu ya sayansi, tusije tukachanganya. Wahindi wa kale walisema sauti ni sifa ya nafasi tupu. Leo tunajua kwamba sauti ni mtikisiko, na mtikisiko unahitaji kitu cha kupitia, kama hewa, maji au mti. Mahali pasipo na hewa wala kitu chochote hapana sauti. Robert Boyle wa Uingereza alieleza majaribio ya namna hiyo mwaka 1660, akitumia pampu ya kutolea hewa. Hata hivyo wale wa kale waliona jambo la kweli, ambalo sisi tunalijua kwa methali: debe tupu haliachi kuvuma. Ngoma hulia kwa sababu ndani ni tupu. Ijaze mchanga, itanyamaza.

2. Nafasi zilizomo mwilini mwako

Mwili wetu nao ni ngoma. Katika masomo ya uuguzi tunafundishwa mifupa, misuli na damu, tukasahau kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwili hufanyika mahali penye uwazi.

Chukua sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mifupa mitatu, midogo kuliko yote mwilini. Sauti hupiga ngoma, mifupa hutikisika, mtikisiko huingia sikio la ndani. Chumba hicho kina mrija mwembamba unaokwenda nyuma ya pua, na mrija huo ndio unaofanya sikio "lifunguke" unapomeza mate garini mkipanda mlima. Mtoto mwenye mafua makali mrija wake huziba, chumba hujaa maji au usaha, naye husikia kama mtu aliyezama. Hakuna kilichokatika. Nafasi tu imejaa.

Chukua pua. Katika mifupa ya uso na kichwa, kuzunguka macho na pua, kuna jozi nne za matundu ya hewa. Hayo hufanya fuvu liwe jepesi na sauti iwe na mwangwi. Yakiziba unaumwa paji la uso, na sauti yako inabadilika.

Chukua mapafu. Hayo ni vifuko vidogo vya hewa visivyopungua milioni 300. Uhai wetu uko katika kujaa na kutoka kwa hewa mle.

3. Kwa nini kufunga milango?

Mwalimu Patanjali, ambaye mafundisho yake yamo katika kitabu kiitwacho Yoga Sutra, aliipanga yoga katika ngazi nane. Ngazi mbili za kwanza ni mwenendo mwema, ya tatu ni mkao wa mwili, ya nne ni pumzi. Ya tano inaitwa pratyahara, maana yake kuzirudisha fahamu nyumbani. Wahindi hutoa mfano wa kobe: hafi anapoingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, anatulia tu, na wakati ukifika anatoka tena.

Jicho lina kope, mdomo una midomo. Sikio halina kifuniko. Hata ukilala linafanya kazi, ndiyo maana mama husikia mtoto akilia usiku. Kwa hiyo asiyejua kulipumzisha sikio hapumziki sawasawa.

4. Mazoezi matatu

Chagua mahali penye utulivu kiasi, asubuhi kabla ya chakula au jioni. Keti kwenye kiti au mkeka, mgongo umenyooka bila kukaza, mikono juu ya mapaja. Vua miwani. Pumua kwa pua. Yote matatu hayazidi dakika 15.

Zoezi la kwanza: Kusikiliza kutoka mbali hadi karibu. Fumba macho. Tafuta sauti ya mbali kuliko zote unayoweza kuisikia: lori barabarani, mbwa kijiji cha pili, radi. Isikilize kwa muda bila kusema moyoni ni nzuri au mbaya. Kisha sogea karibu: watoto uani, kuku, upepo kwenye bati. Kisha ndani ya chumba. Mwisho sikiliza pumzi yako mwenyewe. Usizifukuze sauti. Ziache zije, zipite. Baada ya siku chache utagundua kwamba kati ya sauti moja na nyingine kuna kimya kidogo. Kimya hicho ndicho wanachokiita mlango wa akasha. Dakika 5 zinatosha.

Zoezi la pili: Pumzi ya nyuki. Jina lake ni bramari, kutokana na neno lao la nyuki, nalo limeelezwa katika kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15. Funga midomo, lakini meno yaachane kidogo. Mbele ya tundu la sikio kuna kinundu kidogo cha nyama. Kwa kidole cha shahada kibonyeze taratibu kila upande mpaka tundu lizibe. Usiingize kidole ndani ya sikio. Vuta pumzi kwa pua bila haraka, kisha itoe polepole ukivuma kama nyuki, mmmm, sauti ya chini iliyo sawa, mpaka pumzi iishe yenyewe. Usijikaze. Fanya mara 5, kisha ondoa vidole, ukae kimya ukisikiliza kinachobaki. Wengi husema kimya kile kinakuwa kipana kuliko kabla ya kuvuma.

Zoezi la tatu: Kutazama uwazi ulio nyuma ya kope. Wanauita chidakasha, yaani nafasi ya fahamu. Macho yakiwa yamefumbwa, tazama giza lililo mbele ya paji la uso, bila kukunja uso. Utaona weusi, mara vidoa vya rangi, mara picha za mambo ya mchana. Tazama kama mtu aliyeketi barazani akiona wapita njia. Humwiti mtu, humfukuzi mtu. Dakika 3 hadi 5. Kisha sugua viganja, vifunike macho, uyafungue taratibu.

Wako wanaopenda kutazama anga halisi, wamelala chali kwenye majani. Ni vizuri, lakini jua lisiwe mbele ya macho. Kulitazama jua hata kwa muda mfupi huunguza nyuma ya jicho, na kovu lake huenda lisipone.

5. Waganga wanasemaje?

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayevuma kama nyuki hupunguza idadi hiyo mno, kwa kuwa kutoa pumzi kunachukua muda mrefu kuliko kuvuta. Pumzi ndefu ya kutoa huamsha mishipa ya fahamu inayopunguza mbio za moyo. Tafiti ndogo zilizofanywa juu ya bramari zimeonyesha mapigo ya moyo na presha vikishuka kidogo baada ya zoezi. Nasisitiza neno "kidogo".

Jambo la pili ni la pua. Mwaka 2002 watafiti Weitzberg na Lundberg wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba mtu akivuma huku midomo imefungwa, gesi ya oksidi ya nitriki inayotoka puani huongezeka mara 15 kuliko akitoa pumzi kimya. Gesi hiyo hutengenezwa kwa wingi katika yale matundu ya mifupa ya uso. Maana yake ni kwamba mvumo hutikisa hewa iliyotuama humo na kuibadilisha. Hilo si kusema kwamba kuvuma kunaponya mafua. Ni kusema kwamba nafasi zile zinafikiwa kweli na sauti.

6. Tahadhari

Sasa naomba usome polepole.

Kwanza, mazoezi haya si dawa. Wodini kwetu aliwahi kuletwa baba mmoja wa makamo, upande mmoja wa mwili umelegea, maneno hayatoki. Mke wake alituambia kwamba mumewe alifundishwa mazoezi ya pumzi na rafiki, akajisikia mwepesi, akalala vizuri, akaona vidonge vya presha havina kazi tena. Aliviacha kwa miezi miwili. Pumzi haikumdhuru, kilichomwangusha ni kuacha vidonge. Presha haina kelele: unaweza kujisikia mzima huku mishipa inakaribia kupasuka. Kwa hiyo anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa, magonjwa ya akili au za kufubaza virusi vya UKIMWI aendelee nazo kila siku. Fanya mazoezi pamoja na dawa. Apunguzaye dawa ni daktari baada ya kupima.

Pili, mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mwenye huzuni nzito inayomfanya atamani kufa, asikae peke yake gizani kusikiliza ndani. Kwake kimya kinaweza kuongeza dhoruba. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kumfikisha hospitali mapema.

Tatu, mwenye sikio linalotoa usaha au linalouma asilizibe wala kufanya bramari mpaka apone. Na kwa ajili ya watoto wetu: usimwagie sikio mafuta ya moto, maziwa wala mkojo. Usaha ukitoka, kausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, umlete mtoto zahanati. Uvimbe nyuma ya sikio ni hatari ya haraka, usisubiri kesho.

Nne, mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasibane pumzi. Wapumue kwa ulaini tu. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kawaida. Baadhi ya walimu hufunika pia macho kwa vidole wakati wa kuvuma. Usiyabonyeze macho kamwe, hasa mwenye presha ya macho.

Tano, tunza mlango wenyewe. Ndani ya kila sikio kuna chembe hai za kusikia zipatazo 15,000 tu, na zikifa haziroti tena. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wenye miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupungukiwa na usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa muda mrefu. Kijana anayelala na vifaa masikioni, fundi wa mashine ya kusaga asiyeziba masikio, familia inayokaa mbele ya spika za harusi usiku kucha: hao wote wanapunguza akiba. Kama baada ya kelele masikio yanalia "ngiii", hiyo ni onyo.

7. Je, haya ni sala?

Najua swali hili litaulizwa, maana yoga ilikulia katika dini za India. Ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mafundisho ya imani iliwaandikia maaskofu barua juu ya tafakari ya Kikristo tarehe 15 Oktoba 1989, ikizitaja na njia za Mashariki. Kwa ufupi, haikuzikataa zote kwa jumla: yaliyo mema yaweza kusaidia mtu kutulia mbele ya Mungu, mradi maana ya sala isipotoshwe. Lakini ilionya kwamba raha ya mwili uliotulia isidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Kama muuguzi nakubaliana nayo kabisa: mapigo ya moyo yakishuka, yameshuka mapigo ya moyo. Mwenye mashaka azungumze na paroko wake. Anayetaka kusikiliza tu sauti za kijiji chake kwa dakika tano hahitaji kubadili imani yake.

Mwisho

Tulianza na mtu aliyesema kichwa kimejaa. Wengi wetu hatuwezi kuinyamazisha barabara wala kulipa deni lote leo. Lakini tunaweza, mara moja kwa siku, kuacha kuongeza. Zima redio. Weka simu chumba kingine. Keti, sikiliza ya mbali, sikiliza ya karibu, vuma mara tano, nyamaza. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja, ukiendelea na dawa zako kama unazo. Kama usingizi bado hauji baada ya hapo, au moyo unazidi kuwa mzito, njoo tuzungumze. Kuna ugonjwa unaojificha ndani ya kelele, nasi tungependa kuusikia mapema.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu, ni saa ngapi kwa siku hakuna redio, televisheni wala simu inayolia?
2. Kwa nini kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa za presha?
3. Mtoto wa jirani anatoka usaha sikioni kwa wiki mbili. Tufanye nini, na tusifanye nini?
4. Ni nani katika jumuiya yetu ambaye hafai kuachwa peke yake na kimya?